Basi la Shule, Betri na Hesabu za Kalinzi

Kati ya magari yote yanayotumia dizeli, basi la shule ndilo rahisi zaidi kuligeuza kuwa la umeme. Njia yake inajulikana, saa zake hazibadiliki, na likishawashusha wanafunzi asubuhi huegeshwa hadi alasiri, muda unaotosha kulichaji. Hata hivyo ndilo gumu kuligharamia, kwa sababu ileile: halitembei sana.

Kalinzi ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Kijiji kiko katika nyanda za kahawa za Kigoma, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko mita 773. Basi la tani nane linalopanda kutoka ziwani hadi Kalinzi hutumia yuniti 16 hivi za umeme kwa kuinua uzito wake peke yake. Likiteremka kurudi ziwani, basi la dizeli huipoteza nishati hiyo kama joto kwenye breki. Mota ya umeme hugeuka jenereta: hupunguza mwendo na wakati huohuo hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Breki hazichemki na haziliki haraka. Kwa gari lililobeba watoto kwenye mteremko mrefu, faida hiyo ina uzito kuliko bei ya mafuta.

Bei nayo inaelemea upande wa umeme. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hujumuisha usafirishaji kutoka bandarini, kwa hiyo lita ya dizeli Kigoma mara nyingi huzidi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200. Umeme wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, kinyume chake una bei moja nchi nzima. Kigoma, iliyo mwisho wa reli, hulipia umbali kila inapojaza tanki, lakini hailipii umbali inaponunua umeme wa LUKU. Zamani hoja hii isingekuwa na maana, kwa kuwa umeme wa mkoa ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na basi la umeme lingekuwa limehamisha moshi tu. Tangu gridi ya taifa ianze kuingia mkoani mwaka 2022 kupitia kituo cha Nyakanazi, hali imebadilika.

Tufanye makadirio. Basi dogo la viti 30 lichukue lita moja kwa kilomita sita, kwa shilingi 3,000 kwa lita: shilingi 500 kwa kilomita. La umeme litumie yuniti 0.7 kwa kilomita, na yuniti pamoja na kodi na tozo iwe shilingi 356: karibu shilingi 250. Nusu ya gharama imeondoka. Sasa tuzidishe. Basi linalozunguka Kalinzi, Matyazo na vijiji jirani kilomita 60 kwa siku, kwa siku 194 za masomo, hutembea kilomita 11,640 kwa mwaka. Akiba yote haifiki shilingi milioni tatu. Basi la abiria linalotembea kilomita 200 kwa siku 300 huokoa milioni 15. Betri inayogharimu makumi ya mamilioni hulipika kwa hesabu ya pili. Kwa ya kwanza, huenda ikazeeka kabla haijalipika.

Ndiyo maana mfumo uliofaulu Nairobi hauwezi kuhamishiwa shuleni ulivyo. Kampuni ya BasiGo, ilipoanza mwaka 2022, iliwauzia wenye matatu basi la viti 25 kwa shilingi milioni tano za Kenya, kisha ikawatoza shilingi 20 kwa kila kilomita kwa ajili ya betri, chaji na matengenezo. Ni utaratibu wa busara, kwani mwenye gari haubebi mzigo wa betri siku ya kwanza. Lakini anayelipwa kwa kilomita anahitaji kilomita, na basi la shule lina moja ya tano tu ya zile za basi la abiria.

Marekani ililiziba pengo hilo kwa fedha za umma. Sheria ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano, na katika awamu ya kwanza wilaya zenye uhitaji ziliweza kupata hadi dola 375,000 kwa basi kubwa moja, kwa sharti kwamba basi la zamani liharibiwe. Njia hiyo haiigiki kirahisi. Kule basi jipya la umeme hulinganishwa na basi jipya la dizeli. Huku mshindani wake ni basi dogo la Coaster lililotumika, lililotoka Japani kwa bei ambayo hakuna betri inayoweza kuifikia. Nalo sharti la kuharibu gari zima lingekuwa gumu kusimamia: gari lililotolewa Kalinzi lingepakwa rangi nyingine na kuendelea kutoa moshi Kasulu.

Kuna swali zito zaidi: fedha hizo zimfaidi nani? Mabasi mengi ya wanafunzi yaliyopo ni ya shule binafsi. Tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Hakuna nauli ndani yake. Dawa ya serikali kwa umbali imekuwa kujenga shule karibu, sera ninayoiona sahihi. Kwa hiyo ruzuku ya basi la umeme isiyo na masharti ingewafikia watoto ambao tayari wanapanda gari, na kuwaruka wanaotembea.

Njia ninayoiona inafaa Kalinzi ni basi moja lenye kazi mbili: wanafunzi asubuhi na alasiri, abiria wa Kigoma saa zinazobaki na siku za likizo. Abiria ndio watakaoleta kilomita za kulipia betri. Mmiliki anaweza kuwa chama cha ushirika wa kahawa, au kikundi cha vijana kinachokopa bila riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi. Mkopo huo hautanunua basi, ila unaweza kulipia malipo ya awali. Fedha za umma zibaki kwa mambo mawili ambayo soko halitayafanya: kituo cha kuchajia chenye transfoma yake, na dhamana ya benki kwa betri. Malipo ya dhamana hiyo yawe viti kwa watoto wa shule za umma wanaokaa mbali, idadi yake ikiandikwa kwenye mkataba. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini inayotoa leseni kwa aina ya huduma, italazimika kuruhusu gari moja kufanya zote mbili, na kuweka kanuni za rangi, mikanda na mhudumu wa watoto kwa saa za shule.