Datsun ya Sentimita 17

Miongoni mwa magari ya plastiki ya kuunganisha yanayotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Hasegawa, kuna Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa. Ni mfano wa gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi. Katika skeli ya 1:24, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 24, linabaki sentimita 17.

Wajapani wana sababu ya kulipenda gari hilo. Mwaka 1969 ilitoka filamu yao ndefu kuhusu timu ya Nissan, watengenezaji wa Datsun, katika Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Mwaka uliofuata Herrmann na Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 wakarudia kwa 240Z. Gari lenyewe la ushindi bado linatunzwa na Nissan huko Zama, Japani. Basi kijana wa Osaka hukaa mezani kwake, gundi mkono mmoja na brashi mkono wa pili, akitafuta rangi ya vumbi ambalo halijawahi kumwingia puani.

Arusha vumbi hilo huingia mpaka kabatini. Na hapo ndipo fundi wa Themi, kata ya jijini Arusha, anapomzidi mjenzi wa Osaka. Kuunganisha gari dogo ni kazi ya mikono, lakini kulinakshi hadi mtazamaji aliamini, ni kazi ya macho, na jicho halipeleki mkononi kitu lisichowahi kukiona.

Safari ilianza mwishoni mwa Mei 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ilizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, kwa hiyo gari moja liliweza kula vumbi asubuhi na kuzama kwenye tope kabla ya jua kutua. Mwaka 1963 waliofika mwisho walikuwa saba tu. Mwaka 1968 wakawa saba tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo PV544, ndugu yake Jaswant akimsomea njia. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alianza kushinda 1973 kwa Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Tanzania nayo ina mabingwa wake, ingawa hawatajwi inavyostahili. Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakazi wa nchi hii, walishinda 1966 na kurudia 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, 404 ina mita 2.65, ambazo katika skeli ya 1:24 ni sentimita 11. Gari hilo lingestahili kuwa juu ya meza ya kila anayependa mbio jijini Arusha, kwa sababu barabara ya kutoka Namanga na mteremko wa Mbulu ni sehemu ya historia ya Safari sawa na Nairobi yenyewe.

Marekani ufundi huu wa kuunganisha magari madogo ulikua kwa kufuata mbio za aina nyingine kabisa. Huko kuna dragi: magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, na anayefika kwanza mwisho wa mstari ulionyooka ndiye mshindi. Chama chao kikuu, NHRA, kiliasisiwa na Wally Parks mwaka 1951. Umbali wa asili ni robo maili, mita 402, ingawa tangu 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta, madaraja ya magari yenye kasi kubwa zaidi hukimbia mita 305. Kampuni ya AMT, iliyoanza mwaka 1948 na mifano ya alumini, ilileta mwaka 1958 masanduku ya vipande vya plastiki ambayo mnunuzi aliweza kuchagua kujenga gari kama lilivyotoka dukani, gari lililopambwa, au gari la mbio. Vijana wengi wa Kimarekani waliingia kwenye dragi kwa mlango huo, wakijenga kwa skeli ya 1:25.

Gari la dragi humtia mjenzi majaribuni kwa sababu halifichi kitu. Yale marefu yanayoitwa dragsta hayana boneti, na injini inakaa wazi kama bidhaa ya mnadani. Ya leo yana mita 7.62 kati ya ekseli na ekseli. Katika skeli ya 1:25 ni sentimita 30, na uwanja mzima wa mita 402 unatoshea kwenye mita 16. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 8 unapaswa kubaki theluthi moja ya milimita. Sanduku la kawaida halina waya mwembamba hivyo, kwa hiyo wajenzi huuchomoa kwenye mota ndogo au koili ya redio iliyokufa, halafu hutoboa tundu la kila plagi kwa sindano. Ncha moja ya kila waya huingia upande wa plagi, nyingine upande wa kisambaza moto, na zote zifuate mpangilio wa injini halisi. Mwenye kuijua injini ataziona hata kama hakuambiwa.

Historia nayo hukaa ndani ya umbo. Machi 1970, giaboksi ya Don Garlits ililipuka katika uwanja wa Lions, California, ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Wakati huo dereva aliketi nyuma ya injini. Mwaka 1971 Garlits alirudi na gari ambalo injini ilikuwa nyuma yake, Swamp Rat 14, na baada ya muda mfupi wenzake wakamfuata. Anayejenga dragsta hawezi kukwepa uamuzi huo: akikosea mahali pa kiti, amekosea mwaka.

Gari la Safari linadai ujuzi mwingine. Dragsta huishi sekunde chache kwenye lami iliyosafishwa. 240Z ilipita zaidi ya kilomita 5,000 kwenye mawe, mchanga na mito. Kwa hiyo boneti inaweza kubaki imefungwa na injini isionekane, lakini nje lazima paseme. Boneti ilipakwa nyeusi ili mwanga usimrudie dereva machoni. Mbele kuna taa za ziada. Nyuma kuna matairi ya akiba, si moja. Magari mengi ya Safari yalibeba pia taa ndogo karibu na vioo vya mbele. Mjenzi akizisahau hizo, amebaki na gari zuri la dukani lenye stika.

Halafu lije vumbi, na hapa mwenyeji wa Arusha hana mshindani. Karatasi ya maelezo ndani ya sanduku humwelekeza mtu kwenye kichupa cha rangi ya kahawia. Ipi? Udongo wa miteremko ya Mlima Meru umetokana na volkano, wa kijivu kinachoelekea weusi, ukikauka unapauka. Ukielekea Karatu na Mbulu unageuka mwekundu, na ukishagusa shati mwosha nguo anajua ulikotoka. Gari lililotoka Mbulu kurudi Arusha lingebeba rangi zote mbili: nyekundu imeganda chini ya madigadi, kijivu kimetandazwa juu yake.

Mjenzi anaweza kutumia udongo wenyewe, lakini ausage. Chembe ya mchanga yenye milimita moja, kwenye gari la skeli ya 1:24, ni jiwe la milimita 24. Udongo hukaushwa juani, hutwangwa, kisha hupitishwa kwenye soksi nyepesi ya nailoni, na ule unaopita ndio unaofaa. Hupakwa kwa brashi laini, ukashikwa na vanishi isiyong'aa. Mahali pa kuupaka ndipo pagumu. Unakaa mwingi nusu ya chini ya milango, nyuma ya magurudumu, na kwenye kona za taa. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi, ilipopita waipa. Karibu na kifuniko cha mafuta pana alama za mikono, kwa sababu hapo ndipo mafundi waliposhika. Yeyote aliyewahi kuosha gari la watalii lililorudi kutoka Serengeti anayajua haya yote bila kufundishwa.

Hata hivyo plastiki ina taabu zake hapa. Rangi za makopo ya kupuliza hazisafiri kwa ndege kirahisi, kwa kuwa zinashika moto. Rangi ya gereji ipo kila kona, ila thina kali inayoichanganya huyeyusha plastiki ya polistirini. Fundi mwangalifu hutanguliza rangi ya msingi, kisha hupuliza tabaka jembamba, husubiri likauke, hupuliza jingine. Akiharakisha, mlango unakunjamana.

Bati halina tatizo hilo. Mtoto wa Arusha amekuwa akijenga magari muda mrefu kabla hajaona sanduku la Hasegawa, na malighafi yake ni kopo, waya wa kufungia nondo, spoku ya baiskeli na ndala iliyokatika. Watu wamezoea kuyaita magari ya waya michezo ya watoto tu, na hilo linaudhi, kwa sababu ukiyapima kwa vigezo vya wajenzi wakubwa yanasimama imara. Plastiki ya milimita moja, ikikuzwa mara 24, ni bodi yenye unene wa milimita 24. Bati la kopo la soda lina sehemu moja ya kumi ya milimita. Likikuzwa ni milimita 2.4. Ukingo wa dirisha uliokatwa kwenye kopo uko karibu zaidi na bati halisi la gari kuliko ule wa sanduku. Wajenzi wa ng'ambo hununua karatasi za chuma chembamba kwa bei kubwa kutafuta matokeo hayohayo.

Tena gari la waya linakata kona. Fimbo ndefu inatoka kwenye ekseli ya mbele hadi mkononi mwa mtoto anayekimbia nyuma, na usukani wa duara ukizungushwa, magurudumu yanageuka. Magari mengi ya plastiki yaliyo kabatini yamegandishwa kwa gundi. Na mtoto hachanganyi umbo: Land Rover ina pua bapa na mabega ya mraba, Scania ina uso wa wima, Peugeot 504 ina mteremko wake wa nyuma unaotambulika hata gizani. Anakunja waya kwa kumbukumbu, bila mchoro, na wenzake wanalitambua gari kabla hajamaliza.

Themi ina kila kinachohitajika kuunganisha ujuzi huo wa mtoto na ule wa skeli. Mto uliozaa jina la kata unashuka kutoka Meru na kupita katikati ya jiji. Katika eneo la viwanda la Themi na Njiro kilisimama kiwanda cha General Tyre, kilichozalisha matairi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi uzalishaji uliposimama 2009. Matairi yaliyochakaa yaligeuka katambuga, na vipande vilivyobaki mezani kwa mshona katambuga vinatoa gurudumu dogo lenye mpira wa kweli. Gereji zipo, na ndani yake mafundi bodi wanaonyoosha bati kwa nyundo na kuchanganya rangi kwa jicho. Chuo cha Ufundi Arusha kiko mjini humohumo, na wanafunzi wake tayari wanasoma kuchora kwa skeli.

Kuna pia gari ambalo jiji hili linalijua kuliko mji mwingine wowote: Land Cruiser ya watalii. Huja ikiwa ya kawaida, kisha karakana za Arusha hukata chesisi, huirefusha, huongeza safu ya viti, madirisha mapana na paa linaloinuka ili abiria wasimame kutazama simba. Fundi wa Themi anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri sanduku kutoka Japani. Achukue futi ya kupimia, aombe ruhusa kwa dereva aliyeegesha, apime kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma kabla ya jambo lolote, maana kipimo hicho kikikosewa hakuna nakshi itakayoliokoa gari. Pikapu ya kiwandani ya Land Cruiser 79 ina milimita 3,180, yaani 132 na nusu kwa skeli ya 1:24. Iliyorefushwa itazidi, na kila karakana ina nyongeza yake. Kisha apime kimo cha paa likiwa limefungwa na likiwa limeinuliwa, upana wa dirisha, na umbali wa keria kutoka kwenye paa. Apige picha pande zote nne, na ya tano kutoka juu kama kuna ghorofa karibu. Makopo mawili ya soda yanatosha bodi, spoku moja inatoa ekseli zote mbili, na udongo wa kupaka mwishoni aukwangue chini ya madigadi ya gari lilelile alilolipima.