Kijana Anataka Kujifunza Lugha ya Kompyuta: Kitabu Gani Kinafaa?

Katika vikundi tunavyovitembelea Kitui na Makueni kuna swali ambalo siku hizi linaletwa mkutanoni, tena linakuja pamoja na ombi la pesa. Mtoto wa mwanachama amemaliza Fomu Foro. Anataka kujifunza kuandika programu za kompyuta, si kupiga chapa tu, na mama yake anauliza kama kikundi kitamkopesha karo.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Mutomo kilitoa shilingi 18,000 kutoka kwenye akiba. Baada ya miezi mitatu kijana akarudi na cheti kizuri chenye muhuri, lakini hakuweza kuandika hata programu ya kujumlisha michango ya mwezi. Mkopo ule bado unalipwa, na cheti kimetundikwa ukutani.

Hebu kwanza tuelewane. Ziko lugha za kuandikia mambo ya ofisi na biashara, na ziko zile zinazoongea na mashine yenyewe. Hapa tunasema juu ya hizi za pili. Mnakumbuka kule Kyuso, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono. Kilipima jinsi mpini unavyopanda na kushuka, kikatuma habari kwa mtandao wa simu, na fundi akajua pampu imekufa. Muda wa kungoja ukarabati ulishuka kutoka karibu wiki nne hadi chini ya siku 3. Kompyuta ndogo za namna hiyo huandikiwa mara nyingi kwa lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie huko Marekani mwaka 1972.

Ugumu wa C ni kwamba nafasi ya kuweka vitu unaigawa wewe mwenyewe. Ni kama viti na sufuria za kikundi zinazokodishwa kwa arusi. Aliyechukua asiporudisha, stoo inaisha. Akirudisha halafu bado anatumia kisirisiri, watu wawili watapikia sufuria moja. Lugha ya Rust, iliyotolewa rasmi mwaka 2015, ina mtunza stoo mkali: programu inayogeuza maandishi kuwa kazi ya mashine inakataa kosa la namna hiyo kabla kazi haijaanza. Wanaoanza hukasirika naye, lakini maelezo anayotoa kuhusu kosa ni mwalimu mzuri kweli.

Sasa vitabu. Vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu barabarani ni vya zamani, na kuna njia rahisi ya kuvijua. Mwambie kijana atafute neno conio.h. Akilikuta, kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya Turbo C, chombo cha enzi za MS-DOS. Atafute pia amri inayoitwa gets. Hiyo inapokea maneno bila kupima chombo, sawasawa na kumimina mtungi wa lita 20 ndani ya kibuyu cha lita 5: yanayomwagika yanaharibu kilicho jirani. Iliondolewa kwenye kanuni za C mwaka 2011. Kitabu kinachoifundisha bila kuonya, kiacheni hapo hapo, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Kile cha Kernighan na Ritchie, The C Programming Language, ni chembamba na kimeandikwa vizuri. Ombeni toleo la pili, la mwaka 1988. Nacho ni cha zamani, ndiyo, tena gets imo, lakini bado kinafundisha kufikiri. Kijana airuke amri hiyo. Kwa Rust hakuna haja ya kununua chochote. Kitabu chake cha kujifunzia ni cha bure, na mtu akiweka Rust kwenye kompyuta kwa njia ya kawaida, kitabu kinakuja pamoja nayo. Akiandika rustup doc --book kinafunguka bila intaneti. Kwa hiyo aende mara moja mahali penye mtandao mzuri, apakue, kisha asome nyumbani bila kununua bando. Apakue pia Rustlings, mazoezi madogo ya programu zenye makosa ambazo mwanafunzi anazirekebisha moja moja.

Kwani hana kompyuta? Simu ya Android inatosha kuanzia. Iko programu ya bure, Termux, inayomwezesha kuandika C na kuijaribu papo hapo. Kioo ni kidogo na vidole vinachoka, lakini wiki mbili za namna hiyo zitaonyesha kama ana hamu ya kweli.

Msisahau watu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko pale Kwa Vonza, na wanafunzi wake wengine ni watoto wenu. Wakija likizo, mmoja akae na kijana saa mbili amwonyeshe anapokwama.

Kama bado mnafikiria kulipa karo, kamati imtume kijana aende pale chuoni kabla ya kutoa shilingi. Aombe kuona programu zilizoandikwa na wanafunzi waliomaliza, aulize zimeandikwa kwa lugha gani, na saa ngapi kwa wiki kila mwanafunzi anakaa kwenye kompyuta peke yake. Kile kikundi cha Mutomo kilipopata ombi la pili mwezi uliopita, katibu aliandika maswali hayo nyuma ya daftari la akiba, akampa binti aliyeomba mkopo aende nayo.