Injini ya Barabarani Huanza na Hedi

Mwaka 1955 Chevrolet ya Marekani ilitoa injini yake ndogo ya V8. Mwaka 1967 ikaja ile ya lita 5.7, inayoitwa 350 kwa ujazo wake wa inchi za ujazo. Mafundi wengi wa huko wamejifunzia kazi ya kuongeza nguvu kwenye injini hiyo, na wengi wameiharibu kwa kununua vipuri vizuri visivyopatana.

Kinachoponza ni kukimbilia pistoni za bei kubwa. Pistoni ya bei kubwa haiongezi hewa. Hedi, yaani kichwa cha silinda, ndiyo inayoipitisha, na bila hewa ya kutosha petroli ya ziada ni moshi tu.

Hata hivyo, hedi yenye matundu makubwa kuliko zote si jibu. Gari la barabarani hushinda kati ya mizunguko 2,000 na 4,000 kwa dakika. Tundu likiwa pana mno, hewa hupita polepole, haichanganyiki vizuri na petroli, na gari huwa zito kuondoka. Ndiyo maana hedi za chuma aina ya Vortec, zilizofungwa kwenye pikapu za Chevrolet kuanzia 1996, zilipata sifa kubwa: njia ya kuingizia hewa ina takriban sentimita za ujazo 170 tu, lakini imechongwa vizuri, na chumba cha kuunguzia kina 64.

Namba hiyo ya 64 ina uzito. Silinda moja ya 350 ina sentimita za ujazo 717. Tuseme gasketi, mikato ya valvu juu ya pistoni na nafasi iliyobaki chini ya uso wa bloku vinachukua 19. Pamoja na chumba cha 64 zinakuwa 83, na uwiano wa mgandamizo, yaani 717 na 83 zikijumlishwa kisha kugawanywa kwa 83, unafika 9.6 kwa 1. Funga hedi kuukuu zenye chumba cha 76 juu ya pistoni zilezile, uwiano unashuka hadi 8.5. Nguvu imepotea bila kipuri chochote kuharibika.

Kupandisha uwiano mno nako kuna hatari, kwa kuwa mchanganyiko hulipuka wenyewe na injini huanza kugonga. Hedi za alumini hupoteza joto haraka, kwa hiyo huvumilia mgandamizo zaidi kidogo kuliko za chuma.

Vortec zina masharti yake. Boliti za manifoldi ya kuingizia hewa hazikai kama za hedi za zamani, hivyo manifoldi ya zamani haiingii. Kamshafti inayoinua valvu kupita takriban milimita 11.5 huhatarisha kugonganisha kishikizo cha springi na sili ya valvu. Ukitaka kuinua zaidi ya hapo, hedi lazima ipelekwe kwanza kwa fundi wa mashine.

Na pistoni? Zile za kusubu zenye silikoni nyingi zinatosha injini isiyo na turbo. Za kufua zinafaa penye turbo au nitrasi, kwa sababu zile za kusubu huvunjika injini ikigonga sana. Fedha inayobaki iende kwenye boliti za konrodi: kutoka mizunguko 5,000 hadi 6,000, nguvu inayozivuta huongezeka kwa asilimia 44.

Kabla ya kulipia chochote, mwombe muuzaji ujazo wa chumba cha hedi, unene wa gasketi na kimo cha kuinua valvu. Asipokuwa na namba hizo, usinunue.