Jongo Huja na Wenzake

Katika chumba cha walimu, maradhi ya mtu hugeuka mzaha wa chai ya saa nne. Mwalimu mwenzangu alipoingia asubuhi moja akichechemea, kidole gumba cha mguu kimevimba hata soksi hakiistahimili, tulimcheka. "Hiyo ni nyama choma, Mwalimu!" Nami, msomaji, nilicheka. Alikwenda kwenye zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na kuonywa dhidi ya nyama nyekundu. Hakupimwa shinikizo la damu wala sukari. Miaka miwili baadaye alizirai mbele ya wanafunzi wake; sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Mzaha wetu ulikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 1848 tabibu Mwingereza, Alfred Baring Garrod, alidhihirisha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki nyingi mno. Asidi hiyo ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, zilizomo katika seli zetu wenyewe na katika vyakula kama maini na figo. Ikizidi kiasi cha miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, huweza kuganda ndani ya kiungo ikawa fuwele mfano wa sindano.

Lakini kwa nini izidi? Nyama na pombe zina lawama, ila si yote. Sehemu kubwa ya asidi hii hutolewa na figo kupitia mkojo. Tumbo linaponenepa, mwili huanza kuipuuza insulini; kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, nayo huzifanya figo ziirudishe asidi hiyo damuni. Isitoshe, fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari tunayotia katika chai, huzalisha asidi hiyo hiyo inaposagwa na ini. Soda zake mbili za kila siku hakuna aliyezitania!

Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyaunganisha matatizo ya namna hii akayaita Sindromu X. Siku hizi mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na matatu kati ya haya: kiuno kipana, shinikizo la 130/85 au zaidi, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula, trigliseridi nyingi, na uhaba wa kolesteroli njema. Asidi ya yuriki haimo katika orodha, ijapokuwa huandamana nayo mara nyingi.

Je, ni mwizi au ni mbwa anayebweka? Wataalamu wangali wanabishana. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kuishusha kwa alopurinoli hakukuzuia figo za wagonjwa kuendelea kudhoofika. Mimi naegemea upande wa mbwa. Dawa ya jongo ina kazi yake, na mgonjwa asiiache. Ila zahanati ile ilimnyamazisha mbwa bila kuchungulia nje.

Mwenzangu sasa hunywa chai isiyo na sukari. Utepe wa fundi cherehani umetundikwa kando ya birika, na mzaha umehamia kiunoni mwangu.