Ukitaka kuwaelewa Wachina, anza na hukou

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, mazungumzo ya China hayaishi barazani kwetu. Huyu atasema Wachina ni wachapa kazi. Yule atadai ati ni watu wasio na huruma, wanaacha hata watoto wao kwa ajili ya pesa. Wa tatu atauliza walitajirika vipi kwa muda mfupi namna ile.

Mimi niliishi Guangzhou, kusini mwa China, kuanzia 2011 hadi 2014, nikikagua bidhaa za wafanyabiashara wa Mombasa kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Diploma yangu ni ya mambo ya uchukuzi, si ya historia. Lakini kuishi na watu kulinifundisha neno moja ambalo, usipolijua, mengi ya China yatakupita. Neno hilo ni hukou.

Nililisikia mara ya kwanza kwenye kituo cha polisi. Sheria ya kule inamtaka mgeni anayehamia nyumba ya mjini ajisajili polisi ndani ya saa 24. Nilikuwa nimepanga chumba Xiaobei, mtaa wenye Waafrika na Waarabu wengi, na nilitarajia kukuta wenye pasipoti tu. Nikakuta foleni ya Wachina, ndefu kuliko yetu. Nikamuuliza mwenyeji wangu, kijana wa Lamu aliyetangulia kufika, "Hawa nao wanatafuta nini?"

"Kibali cha kuishi hapa," akanijibu. "Ni Wachina, lakini hukou zao ziko kwengine."

Hukou ni usajili wa familia. Kila nyumba ina kijitabu chake, kinachoeleza nani ni wa nyumba hiyo na wamesajiliwa wapi. Wafalme wa zamani wa China nao walikuwa wakisajili kaya, ila mfumo wa sasa ulitiwa sheria Januari 1958, zama za Mao Zedong. Serikali ilitaka kujenga viwanda haraka, na chakula cha wafanyakazi wa viwandani kilitoka mashambani. Basi watu wakagawanywa mafungu mawili, wa kilimo na wasio wa kilimo. Wa mjini alipata kazi, nyumba, matibabu na mgao wa nafaka. Wa shamba alitakiwa abaki shambani azalishe.

Kumzuia hakukuhitaji ukuta. Nafaka mjini ilinunuliwa kwa kuponi, zilizoanza 1955 na kudumu hadi 1993. Mkulima aliyeingia mjini bila ruhusa hakuwa na kuponi, na bila kuponi hakuna wali.

Mwaka huo huo wa 1958 Mao alianzisha kampeni aliyoiita Hatua Kubwa Mbele. Maafisa walitoa hesabu za uongo kuhusu mavuno, serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizo, na njaa iliyofuata iliua mamilioni kwa makumi, wengi wao watu wa mashambani. Mjini nako watu waliona njaa, lakini mgao ulikuwapo.

Bibi mwenye nyumba yangu alikuwa na desturi ya kuokota punje za wali mezani kwa ncha ya kidole, moja moja. Nilimdhania bakhili. Siku moja nikapiga hesabu ya umri wake, nikaona kwamba mwaka 1960 alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu. Sikumcheka tena.

Mao alifariki 1976. Desemba 1978, chini ya Deng Xiaoping, China ilianza kufungua uchumi. Shenzhen, jirani ya Guangzhou, ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Viwanda vilihitaji mikono, na mikono ilikuwa mashambani. Wanakijiji wakaruhusiwa kuja mjini kufanya kazi, lakini kijitabu chao kikabaki kijijini. Na haki nyingi zilifuata kijitabu, shule ya mtoto, bima ya matibabu, malipo ya uzeeni. Kufikia 2019 vibarua hao waliotoka mashambani walikuwa zaidi ya milioni 290. Viatu na vyombo vingi tunavyonunua Biashara Street vimepita mikononi mwao.

Karibu na kwangu palikuwa na mkahawa wa tambi za Lanzhou. Wenyewe walikuwa mke na mume, Waislamu wenzetu wa kabila la Hui, waliotoka Hualong katika jimbo la Qinghai, mbali sana upande wa magharibi. Nilipenda kula pale baada ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa chakula kilikuwa halali na salamu yao niliifahamu. Ukutani palikuwa na picha ya msichana mdogo. Nikauliza. Ni binti yao, ana miaka sita, yuko Qinghai kwa nyanyake. Humuona mara moja kwa mwaka, wanapofunga duka.

Nilinyamaza, lakini moyoni nilisema, hawa pesa zimewaondoa huruma. Nadhani yule bwana aliniona usoni. Akaniuliza, "Na wako yuko wapi, ndugu?"

"Mombasa, na mamake," nikamwambia kwa Kichina changu cha kuombea maji. "Viza yangu hainiruhusu kuwaleta."

Akacheka kidogo. "Wewe wataka viza kwa kuwa u mgeni. Mimi niko nchini kwangu."

Kisha akanieleza. Kupata nafasi katika shule ya serikali mjini kulihitaji karatasi ambazo yeye hakuwa nazo, na shule ya kulipia ilikuwa ghali. Hata angeimudu, mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwa kawaida hufanywa pale mtoto aliposajiliwa. Afadhali asome huko huko tangu mwanzo. Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria, kutokana na sensa ya 2010, kwamba watoto milioni 61 walikuwa wamebaki mashambani huku mzazi mmoja au wote wawili wakiwa kazini mbali.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2003, katika mji huo huo wa Guangzhou, kijana wa miaka 27 kutoka Hubei, Sun Zhigang, alikamatwa kwa kutokuwa na kibali cha kuishi, akapigwa kizuizini mpaka akafa. Gazeti likaandika, wanasheria wakaiandikia serikali, na mwezi wa Juni kanuni iliyoruhusu ukamataji ule ikafutwa. Kwa hiyo anayesema Wachina hukubali kila waambiwalo hajawajua.

Sisi Wapwani, ambao vijana wetu walikuwa wakiulizwa babu alizaliwa wapi walipoomba kitambulisho, ni rahisi kuilaani hukou moja kwa moja. Lakini kule nilikutana na wanaoitetea, wakisema imeizuia miji isijae vitongoji vya mabanda. Wapo pia wanakijiji wasiotaka kuiacha hukou ya shamba, kwa kuwa ndiyo inayowapa haki ya ardhi. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuondoa tofauti ya kilimo na kisicho kilimo, na miji midogo ikalegeza masharti. Miji mikubwa kama Beijing na Shanghai bado ni migumu. Sensa ya 2020 ilionyesha asilimia 64 hivi ya Wachina wanaishi mijini, ilhali wenye hukou ya mjini ni kama asilimia 45. Pengo hilo ndipo wanapoishi watu kama jamaa zangu wa tambi.

Niliporudi nyumbani 2014, mwanangu alijificha nyuma ya mamake asitake kunipa mkono. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaniita baba. Katika siku hizo niliikumbuka sana ile picha ya ukutani.

Kwa hiyo siku hizi barazani, wakiniuliza Wachina walitajirika vipi, huwajibu ni kwa bidii, na ni kwa mipango. Kisha huwaeleza habari ya yule binti wa Qinghai, maana naye amelipia sehemu yake.