Mgeni Anayeuliza Bei ya Mwisho

Muuzaji wa Chanika, Handeni, akiipiga picha cherehani yake na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la vitu vilivyotumika, haupiti muda kabla namba asiyoijua haijaingia: "Bado ipo? Bei ya mwisho?" Kuanzia hapo wauzaji wengi hutegemea jambo moja, kumsoma mtu. Wanaipima salamu yake, wanaisikiliza sauti, wanaitazama picha aliyojiwekea, kisha wanaamua kama ni mteja au tapeli. Hoja yangu ni kwamba uwezo huo wa kumsoma mtu ni mdogo mno kuliko tunavyoamini, na anayeutegemea anaweka mali yake, pengine na maisha yake, mahali pabaya. Kinachomlinda muuzaji ni mpangilio wa hatua za biashara: nani anaanza kutoa nini, wapi, mbele ya nani, na uthibitisho unapitia njia gani.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kutenganisha ukweli na uongo kwa kuwatazama au kuwasikiliza wasemaji. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Kurusha shilingi hewani kungewapa 50. Tena uongo wenyewe waliunasa chini ya nusu ya nyakati ulipotokea. Alama zao nyingi zilitokana na kuwaamini wasema kweli. Watu ambao kazi yao inawakutanisha na waongo mara kwa mara, polisi wakiwamo, hawakuonekana kuwazidi wengine. Mtafiti mwenzao Timothy Levine ameeleza sababu yake kwa namna inayostahili kumfuta machozi aliyetapeliwa: binadamu huanza kwa kuamini, kwa kuwa watu wengi, mara nyingi, husema kweli, na maisha yasingeenda kama kila kauli ingepekuliwa. Kwa hiyo aliyeliwa fedha zake mtandaoni si mjinga. Ametumia akili ileile inayomwezesha kununua nyanya na kupanda basi. Na kumbuka kwamba waliopimwa walikuwa na sura au sauti mbele yao. Ujumbe wa maandishi hautoi hata hivyo viwili, na mwandishi wake ana nafasi ya kufuta na kuandika upya.

Mfanyabiashara mzoefu wa gulio atapinga. Atasema amewauzia watu asiowajua miaka yote, Mkata hadi Manundu, na macho yake hayajamwangusha. Namwamini kuhusu miaka, ila nadhani anayapa macho sifa ambayo ni ya gulio lenyewe. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyechunguza soko la mji wa Sefrou nchini Morocco na kuandika juu yake mwaka 1978, aliona kwamba mahali ambapo habari za ubora na bei ni haba, watu hujifunga kwa wateja na wauzaji walewale na kurudi kwao tena na tena. Robert Axelrod, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ushirikiano, alionyesha kwamba uaminifu hushamiri pale wahusika wanapotarajia kukutana tena. Gulio lina siku yake, lina mahali pake, lina majirani wanaosikia maneno yakitamkwa, na juma lijalo wote watakuwa palepale. Karne ya 19, misafara ya biashara ilipopita bonde la Pangani, mgeni hakupimwa kwa sura tu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wafanyabiashara na wenyeji walichanjiana damu ili udanganyifu uwe kosa dhidi ya ndugu. Hayo yote ni mipango iliyowafanya watu wasilazimike kubahatisha. Simu imemleta mgeni mlangoni, lakini siku, mahali, mashahidi na juma lijalo havikuja naye.

Sasa tazama jinsi utapeli dhidi ya muuzaji unavyopangwa. Mnunuzi habishani sana kuhusu bei. Anasema yuko Segera, gari linakaribia kuondoka, kwa hiyo anamtuma bodaboda achukue mzigo. Unaingia ujumbe wa malipo wenye mtindo wa kampuni ya simu: namba ya muamala, kiasi, salio jipya. Bodaboda amefika na hajazima injini. Frank Stajano na Paul Wilson, waliochambua mbinu za matapeli nchini Uingereza na kuchapisha kazi yao mwaka 2011, waliiweka haraka miongoni mwa nguzo saba za utapeli, kwa kuwa mtu anayekimbizwa huamua kwa mazoea na huacha kuhakiki. Ujumbe ule ni maandishi matupu. Yeyote anaweza kuuandika, na hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Salio, kwa upande mwingine, linakaa kwenye kumbukumbu za kampuni, ambako mkono wa mgeni haufiki. Ndiyo maana muuzaji anapaswa kubonyeza mwenyewe *150*00# kama anatumia M-Pesa, *150*60# kama ni Airtel Money, au *150*88# kama ni HaloPesa, aone fedha imeingia, ndipo mzigo uondoke. Kanuni iliyo ndani yake ni pana kuliko salio: uthibitisho upitie njia ambayo mgeni hakuichagua. Akikupa namba ya "huduma kwa wateja", hiyo ni njia yake. Akikutumia kiungo ubonyeze ili upokee fedha, hiyo ni njia yake pia, na kupokea fedha kwenye simu hakuhitaji namba yako ya siri hata siku moja. Akiomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako eti ahakikishe wewe ni muuzaji halisi, anaomba ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp, na akiupata atawakopa ndugu zako kwa jina lako. Akisema ametuma fedha zaidi na kuomba urudishe iliyozidi, mwelekeze kwenye kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa miamala iliyokosewa. Na jina la aliyelipa likitofautiana na la mnunuzi, simama uulize, maana fedha hiyo inaweza kuwa ya mtu wa tatu aliyedanganywa kwingine, atakayekuja kuidai.

Kuna wanaosema hofu hii imepitwa na wakati tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole na namba za NIDA, zoezi ambalo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ililiwekea mwisho wa kwanza tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Usajili umesaidia, na ningesikitika kuuona ukidharauliwa, kwa sababu unawapa polisi pa kuanzia. Hata hivyo unaonyesha laini ni ya nani kwenye kumbukumbu, hauonyeshi nani ameishika simu. Wapo watu waliowekeshwa kidole mara mbili na msajili wa mtaani bila kujua kwamba laini ya pili imekwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu TCRA inawahimiza wananchi wabonyeze *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ripoti za robo mwaka za mamlaka hiyo bado zinahesabu majaribio ya utapeli mkoa kwa mkoa, na mara nyingi Rukwa na Morogoro zimeonekana juu. Silisemi hilo kuwachafua watu wa mikoa hiyo. Lina maana kwamba sauti inayodai iko Segera inaweza kuwa ng'ambo ya nchi, na ukaribu wa mji mdogo, ule wa kila mtu kumjua mwenzake, hauna kazi kwa mtu ambaye hajawahi kuukanyaga.

Umbali ndio unaoleta ugumu wa kweli. Handeni mjini hadi Korogwe ni kama kilomita 65, na wanunuzi wengi wa vitu vizuri wako mbali zaidi, Tanga mjini au Dar es Salaam, kwa hiyo mzigo unawekwa kwenye basi. Hapo pande mbili zinatishana kwa haki: muuzaji akitangulia kutuma anaweza asilipwe, mnunuzi akitangulia kulipa anaweza asitumiwe kitu. Ushauri wa "usitume kabla ya kulipwa" unamlinda mmoja na kumwacha mwenzake mikononi mwa bahati. Mpango wenye haki ni kumtafuta mtu wa kati ambaye wote wawili hawamwogopi. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiwa na ndugu au rafiki Korogwe, huyo na muuzaji wakutane mchana kwenye kibanda cha wakala karibu na stendi, ndugu akikague kitu, fedha iingie, salio lihakikiwe, ndipo mzigo upakiwe na risiti yake ipigwe picha. Kwa fedha taslimu nyingi, kaunta ya benki inafaa zaidi: noti zinahesabiwa na kukaguliwa papo hapo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la adabu. Mteja atajisikia ameitwa mwizi, ataondoka. Nalikubali kwa nusu, maana masharti yanayotolewa katikati ya mazungumzo yanamlenga aliyepo na kweli yanaudhi. Masharti yaliyoandikwa ndani ya tangazo tangu mwanzo hayamlengi mtu. Tena mnunuzi mwaminifu ana hofu zake. Mchumi George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizima na kibovu hutoa bei ya wasiwasi kwa vyote, na wenye vitu vizima hujitoa sokoni. Watanzania waliliona jambo hilo kwa simu: TCRA ilipozizima simu bandia Juni 2016, wapo waliogundua kwamba walichonunua hakikuwa walichodhani. Muuzaji anayemruhusu mnunuzi abonyeze *#06# aone namba ya utambulisho ya simu, anayeonyesha risiti, anayeleta kadi ya pikipiki yenye jina lake, anaondoa wasiwasi huo. Na wasiwasi una bei. Paul Resnick na wenzake walipouza postikadi za zamani kwenye eBay, mara kwa jina lenye sifa njema na mara kwa majina mapya, wanunuzi walikuwa tayari kulipa karibu asilimia 8 zaidi kwa jina lenye sifa. Mteja anayekimbia sharti la kukutana mchana mbele ya watu hajakupunguzia soko.

Fedha inaweza kupatikana tena, mwili ukidhurika ni jambo jingine, na mwanamke anayeuza kitanda au friji kutoka nyumbani ana sababu ya kulichukulia hili kwa uzito wa pekee. Picha ionyeshe kitu, isionyeshe geti, namba ya nyumba wala watoto. Isitumwe kama faili, kwa sababu faili linaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa. Kitu kisichobebeka kitolewe barazani au dukani kwa jirani, na jirani aambiwe saa ya mgeni kufika. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, upelekwe 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa hizo, na mazungumzo yote yahifadhiwe, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahitaji ushahidi kama sheria nyingine yoyote.

Lakini si haki mzigo wote huu umwelemee mtu mwenye cherehani moja. China, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Alipay ilikua ndani ya soko la Taobao kwa kushikilia fedha ya mnunuzi mpaka athibitishe kwamba bidhaa imefika. Kampuni zetu za fedha za simu tayari zina majina yaliyothibitishwa kwa kidole na mawakala hadi vijijini. Huduma ya kushikilia malipo ya laki moja au mbili kwa siku tatu, ikifunguliwa kwa tarakimu ambazo mnunuzi anampa muuzaji baada ya kukagua, ingemaliza sehemu kubwa ya mgogoro wa nani atangulie. Wataibuka watakaokataa kutoa tarakimu ingawa kitu ni kizima, na atahitajika mwamuzi na makato ya kumlipa. Benki Kuu, inayosimamia mifumo ya malipo chini ya sheria ya mwaka 2015, ina mamlaka ya kulifikiria hilo na kulidai. Mpaka itakapofanya hivyo, kazi ya mtu wa kati inabaki kwa wakala wa stendi, na shukrani yake ya elfu moja au mbili yafaa iandikwe kwenye tangazo, chini ya bei.