Je, Wajua? Timu nzima nje kwa mikimbio 27

Julai 14, 2025, uwanjani Sabina Park, Jamaika, timu ya kriketi ya West Indies ilitolewa yote kwa mikimbio 27 dhidi ya Australia. Wapigaji 7 walitoka na sufuri! Hilo halikuwahi kutokea katika zamu moja ya kriketi ya Testi, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa. Mitchell Starc wa Australia, akicheza Testi yake ya 100, aliangusha wiketi 5 (yaani aliwatoa wapigaji 5) kwa mipira 15 tu.

Walinusurika kuifikia rekodi mbaya zaidi kwa mkimbio mmoja: New Zealand walipata 26 dhidi ya Uingereza, Auckland, 1955. Mkimbio huo wa kuwaokoa ulitokana na mpira uliomponyoka Sam Konstas wa Australia.

Mashabiki wa West Indies waliwaka, nao wana haki. Timu hii iliwahi kutawala dunia. Bodi ya kriketi ya West Indies ikawaita magwiji wa zamani Clive Lloyd, Viv Richards na Brian Lara kwenye kikao cha dharura.

Lakini aibu kama hiyo si mwisho wa timu: India nao waliishia 36 dhidi ya Australia huko Adelaide, Desemba 2020. Hakuna mpigaji aliyefikisha 10. Mashabiki waliwazika mapema mno: mwezi uliofuata India walishinda mfululizo huo wa mechi 2-1, palepale Australia.